Kuichambua Namba Kubwa Hadi Mwisho: Vigawo, Jumla na Makundi Yake

Mpe mtu namba 740,376 aivunje iwe vigawo tasa. Ataanza vizuri. Atagawa kwa 2 mara tatu, kwa 3 mara mbili, kwa 7 mara moja, kisha atafika 1,469. Ataitazama, ataona haigawanyiki kwa 2, 3, 5 wala 7, na ataandika kwamba ni namba tasa. Kuanzia hapo kila jibu linaharibika: idadi ya vigawo inatoka 48 badala ya 96, jumla ya vigawo inakosewa, na swali lolote linalofuata linajengwa juu ya msingi mbovu.

Wanafunzi na walimu wanaotuuliza, kutoka Tukuyu hadi Mafinga, wanakwama palepale. Kanuni wanazijua. Tatizo ni kwamba wanaacha kuvunja kabla namba haijaisha kuvunjika.

Hapa tunaichukua namba hiyo moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ichukulie kuwa ni viriba 740,376 vya miche ya misindano katika kitalu kikubwa pale Mafinga, vinavyotakiwa kupangwa kwenye matuta yenye idadi sawa bila kiriba hata kimoja kubaki. Swali la kitalu na swali la daftari ni lilelile.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Daftari la hesabu lenye miraba, ili tarakimu zikae kwenye safu zake. Makosa mengi ya kugawa hayatokani na akili, yanatokana na tarakimu kuhama safu.

Penseli na kifutio.

Kikokotoo cha kawaida, kama unacho. Si lazima. Namba ya tarakimu sita inachambulika kwa mkono ndani ya dakika ishirini au thelathini.

Orodha ya namba tasa. Zilizo chini ya 100 ni 25, na ni vizuri uzijue kwa kichwa: 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41, 43, 47, 53, 59, 61, 67, 71, 73, 79, 83, 89, 97. Namba 1 haimo, na isiingizwe kamwe.

Kwa namba yoyote iliyo chini ya milioni moja, orodha inayotosha kabisa ni ya namba tasa zote zilizo chini ya 1,000. Itengeneze mwenyewe mara moja na uitunze. Andika 2 hadi 1,000, acha 2 na ukate vigawe vyake vingine vyote, acha 3 na ukate vigawe vyake, endelea hivyo na kila namba ambayo bado haijakatwa hadi 31. Baada ya 31 simama, kwa sababu namba tasa inayofuata ni 37, na 37 × 37 ni 1,369, tayari imepita 1,000. Zilizobaki zihesabu. Zikitimia 168, orodha yako ni sahihi. Zikizidi, kuna uliyosahau kuikata, na mara nyingi ni kigawe cha 7 au cha 13.

## Hatua ya 1: Iandike namba bila utata

Andika kwa alama ya mkato kila tarakimu tatu kutoka kulia: 740,376. Hesabu tarakimu: ni sita. Tafuta jumla yake: 7 + 4 + 0 + 3 + 7 + 6 = 27. Iandike pembeni, utaihitaji mara tatu au nne.

Namba ikisomwa kwa sauti, hakikisha umeielewa kabla ya kuandika. Mtu akisema "elfu ishirini na tano", mmoja ataandika 25,000 na mwingine 20,005, na wote wana sababu. Ukiwa wewe ndiye unayesoma, sema "ishirini na tano elfu", au taja tarakimu mojamoja.

Kama unaingiza namba kwenye Excel, kumbuka inatunza tarakimu 15 tu za mwanzo. Zinazozidi hugeuzwa sufuri kimyakimya. Ndiyo maana namba ya kitambulisho cha NIDA, yenye tarakimu 20, huharibika ikiandikwa kwenye seli iliyowekwa kama namba. Kwa namba za namna hiyo ibadilishe seli iwe ya maandishi, na usijaribu kufanyia hesabu humo.

## Hatua ya 2: Vipimo vya haraka kabla ya kugawa

Vipimo hivi vinakuambia ugawe kwa nini, na muhimu zaidi, usipoteze muda kugawa kwa nini.

Kwa 2, 4, 8 na 16. Tarakimu ya mwisho ni 6, basi namba ni shufwa. Kwa 4 tazama tarakimu mbili za mwisho: 76 ni 4 × 19, inakubali. Kwa 8 tazama tatu za mwisho: 376 ni 8 × 47, inakubali. Kwa 16 tazama nne za mwisho, yaani 0376: 16 × 23 ni 368, inabaki 8, inakataa. Kwa hiyo tunajua kabla hata ya kuanza kwamba 2 itaingia mara tatu, si zaidi.

Sababu ni kwamba 100 inagawanyika kwa 4, 1,000 inagawanyika kwa 8 na 10,000 inagawanyika kwa 16. Sehemu ya juu ya namba haileti baki lolote, baki linatoka kwenye mkia tu.

Kwa 3 na 9. Jumla ya tarakimu ni 27, inagawanyika kwa 9, basi na namba yenyewe inagawanyika kwa 9. Hii inafanya kazi kwa sababu 10, 100, 1,000 na kuendelea, kila moja ikigawanywa kwa 9 inabakiza 1.

Angalia mtego ulio hapa. Jumla ni 27, na wengi wanaandika kwamba namba inagawanyika kwa 27. Jaribu: 27 × 27,421 ni 740,367, inabaki 9. Kipimo cha jumla ya tarakimu ni cha 3 na 9 tu. Hakina nguvu kwa 27.

Kwa 5. Mwisho si 0 wala 5. Inakataa.

Kwa 7, 11 na 13 kwa mpigo mmoja. Kipimo hiki kinarukwa na wengi, na anayekiruka ndiye anayekwama kwenye 1,469. Kata namba katika vikundi vya tarakimu tatu kutoka kulia, kisha toa na kujumlisha kwa zamu. Sisi tuna vikundi viwili: 376 na 740. Tofauti yao ni 364.

Sasa chunguza 364 badala ya namba nzima. 364 ÷ 7 = 52, bila baki. 364 ÷ 13 = 28, bila baki. 364 ÷ 11 ni 33 na inabaki 1. Basi 740,376 inagawanyika kwa 7 na kwa 13, lakini si kwa 11.

Kwa nini? Kwa sababu 7 × 11 × 13 = 1,001. Namba 1,000 imepungukiwa na 1 tu kufika 1,001, kwa hiyo kwa mtazamo wa 7, 11 na 13 kila elfu moja ni sawa na kutoa moja. Namba yenye vikundi vitatu, mfano 5,740,376, unafanya 376 − 740 + 5. Ukipata jibu hasi, ondoa alama ya hasi na uendelee, haibadilishi kitu.

Ukimaliza hatua hii vizuri unakuwa na sentensi moja kwenye daftari: "Ina 2 mara tatu, ina 3 angalau mara mbili, haina 5, ina 7, haina 11, ina 13." Bado hujagawa hata mara moja.

## Hatua ya 3: Ivunje mpaka ikataliwe

Chora mstari wa wima. Kushoto andika kigawo, kulia kinachobaki.

2 | 740,376
2 | 370,188
2 | 185,094
3 | 92,547
3 | 30,849
7 | 10,283
13 | 1,469
113 | 113
 | 1

Kila kigawo kirudie mpaka kikatae, kisha ndipo upande kinachofuata. 92,547 inaishia na 7, basi 2 imekwisha. 10,283 ina jumla ya tarakimu 14, basi 3 imekwisha. 1,469 ukiigawa kwa 7 unapata 209 na baki 6, basi 7 imekwisha. Usiruke kigawo kwa kudhani "nilishakitumia". Kutumia mara moja si kukimaliza.

Halafu swali gumu kuliko yote: unajuaje umefika mwisho?

Kanuni ya kusimama ni hii. Unajaribu namba tasa moja baada ya nyingine. Namba tasa unayotaka kujaribu ikizidishwa kwa yenyewe ikawa kubwa kuliko kilichobaki, simama, kilichobaki ni tasa. Sababu ni nyepesi: kama kilichobaki kingekuwa na vigawo viwili, vyote viwili haviwezi kuwa vikubwa kuliko kipeuo chake cha pili. Kimoja lazima kiwe kidogo, na vidogo vyote umeshavijaribu.

Itumie kwa 1,469. 37 × 37 ni 1,369, 41 × 41 ni 1,681. Kwa hiyo kabla ya kuiita tasa ulipaswa kujaribu hadi 37. Aliyesimama kwenye 7 alikuwa amebakiza 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31 na 37. Angejaribu mbili tu za mwanzo angeipata 13.

Itumie tena kwa 113. 11 × 11 ni 121, imepita. Zinazotakiwa kujaribiwa ni 2, 3, 5 na 7 tu. 113 ni witiri, jumla ya tarakimu ni 5, haiishii na 0 wala 5, na 7 × 16 ni 112, inabaki 1. Ni tasa. Hapo una haki ya kusimama.

Jibu la hatua hii:

740,376 = 2³ × 3² × 7 × 13 × 113

Thibitisha kwa kuzidisha kurudi: 8 × 9 = 72, mara 7 ni 504, mara 13 ni 6,552, mara 113 ni 740,376. Usiende hatua ya nne kabla ya kufanya hivi. Kosa la hapa halitajionyesha huko mbele, litakaa kimya ndani ya majibu yako yote.

### Namba zinazodanganya macho

Zipo namba zinazoonekana kama tasa na si tasa. Ziandike nyuma ya daftari: 51 (3 × 17), 57 (3 × 19), 87 (3 × 29), 91 (7 × 13), 119 (7 × 17), 133 (7 × 19), 143 (11 × 13), 161 (7 × 23), 187 (11 × 17), 217 (7 × 31), 221 (13 × 17), 247 (13 × 19), 299 (13 × 23), 323 (17 × 19), 391 (17 × 23), 437 (19 × 23). Ya 91 na 221 ndizo zinazoangusha watu wengi kuliko zote.

### Tahadhari ya kikokotoo

Kikokotoo chenye nafasi nane kinakata kinachozidi. Gawa 20,000,001 kwa 2: jibu ni 10,000,000.5, lakini kioo kimejaa kabla ya kufika nukta, na utaona 10000000 pekee. Utadhani imegawanyika. Namba ikizidi tarakimu saba, jibu lolote linalotoka zima lizidishe kurudi ndipo uliamini.

### Ikigoma kabisa

Mara nyingine namba inapita vipimo vyote vya haraka na haivunjiki. Kabla ya kupitia orodha yote ya namba tasa, jaribu njia ya miraba. Chukua 13,843. Kipeuo chake cha pili kiko kati ya 117 na 118. Anza na kikubwa: 118 × 118 = 13,924. Toa namba yako: 13,924 − 13,843 = 81. Na 81 ni 9 × 9. Basi vigawo ni 118 − 9 na 118 + 9, yaani 109 × 127. Imekwisha kwa jaribio moja, ambapo kwa kwenda na orodha ungekataliwa mara 28 kabla ya kufika 109.

Tofauti isipokuwa mraba, panda hadi 119, kisha 120, na kuendelea. Inatumika kwa namba witiri, na inalipa pale vigawo viwili vinapokaribiana. Vikiwa mbali sana, rudi kwenye orodha.

Ugumu wenyewe hautokani na ukubwa wa namba. Moja ikifuatwa na sufuri mia inavunjika kwa mstari mmoja: 2 kipeo cha 100 mara 5 kipeo cha 100. Lakini zao la namba tasa mbili zenye tarakimu mia tatu kila moja, zikichaguliwa vizuri, haliwezekani kuvunjwa kwa kompyuta za leo, na mifumo mingi ya kulinda taarifa mtandaoni inategemea ukweli huo. Njia za mwongozo huu ni za namba za tarakimu sita, saba, labda nane.

## Hatua ya 4: Vigawo viko vingapi?

Chukua vipeo: 3, 2, 1, 1, 1. Ongeza moja kwa kila kimoja: 4, 3, 2, 2, 2. Zidisha: 4 × 3 × 2 × 2 × 2 = 96.

Moja inaongezwa kwa sababu kila kigawo kinaundwa kwa kuamua utachukua 2 ngapi (hakuna, moja, mbili au tatu, hizo ni chaguo nne), 3 ngapi (chaguo tatu), na kadhalika. "Hakuna" nayo ni chaguo. Anayesahau hilo anazidisha vipeo vilivyo, 3 × 2 × 1 × 1 × 1, anapata 6, na namba hii ina vigawo vinane hata kabla hujapita 9: 1, 2, 3, 4, 6, 7, 8 na 9.

Idadi ikitoka shufwa, namba si mraba. Ikitoka witiri, ni mraba. Hapa ni 96, basi jozi ni 48, na kipeuo cha pili lazima kiwe na nukta. Hakiki: 860 × 860 = 739,600 na 861 × 861 = 741,321. Namba yetu imekaa katikati, sawasawa.

Sasa rudi kitaluni. Kila kigawo ni mpango mmoja unaowezekana. Ukitaka matuta yenye viriba 1,000 kila moja, utapata matuta 740 na viriba 376 vitakosa mahali. Ukitaka pasibaki kitu, tumia 1,092, ambayo ni 4 × 3 × 7 × 13: utapata matuta 678 kamili. Na ukitaka mpangilio mmoja ulio karibu zaidi na mraba, tafuta jozi inayokaribia 860 kutoka pande zote mbili. Ni 819 × 904. Ya kwanza ni 9 × 7 × 13, ya pili ni 8 × 113.

Jozi hiyo haipatikani kwa kubahatisha. Anza na kigawo tasa kikubwa, 113, kwa sababu ndicho kisichonyumbulika. Kizidishe kwa vigawo vidogo mpaka uifikie 860: 113 × 7 = 791, 113 × 8 = 904. Jozi ya 791 ni 936, jozi ya 904 ni 819. Ya pili ina pengo la 85, ya kwanza pengo la 145.

## Hatua ya 5: Jumla ya vigawo

Hakuna haja ya kuorodhesha vigawo 96 na kuvijumlisha. Kwa kila namba tasa, jumlisha vipeo vyake kuanzia 1:

2³ inatoa 1 + 2 + 4 + 8 = 15
3² inatoa 1 + 3 + 9 = 13
7 inatoa 8
13 inatoa 14
113 inatoa 114

Zidisha moja baada ya nyingine: 15 × 13 = 195, mara 8 ni 1,560, mara 14 ni 21,840, mara 114 ni 2,489,760.

Inafanya kazi kwa sababu ukifungua mabano yote matano ukazidisha kila kitu kwa kila kitu, kila kigawo kati ya vile 96 kinajitokeza mara moja, wala hakirudii.

Hakiki kuzidisha kwa njia ya tisa. 21,840 ina jumla ya tarakimu 15, kisha 6. 114 inatoa 6. Sita mara sita ni 36, kisha 9. Jibu, 2,489,760, lina jumla 36, kisha 9. Yanakubaliana. Lakini njia hii haikamati tarakimu zilizobadilishana nafasi. Ungeandika 2,498,760 ingekupitisha vilevile, kwa hiyo soma jibu kwa jicho pia.

Toa namba yenyewe ili ubaki na jumla ya vigawo vilivyo chini yake: 2,489,760 − 740,376 = 1,749,384. Hapa ndipo kosa la pili kwa wingi linapotokea: watu wanalinganisha 2,489,760 na namba bila kutoa kwanza. Ukifanya hivyo kila namba duniani iliyo kubwa kuliko 1 itaonekana kuzidi.

## Hatua ya 6: Iweke kwenye makundi yake

Pungufu, timilifu au zidifu. Linganisha jumla uliyopata na namba. Ikiwa ndogo, namba ni pungufu: 8 inapata 1 + 2 + 4 = 7. Ikiwa sawa, ni timilifu: 28 inapata 1 + 2 + 4 + 7 + 14 = 28. Ikiwa kubwa, ni zidifu: 12 inapata 16. Yetu inapata 1,749,384, imezidi kwa 1,009,008. Ni zidifu, tena kwa mbali.

Kuna njia mbili za mkato hapa. Kwanza, kigawe chochote cha 6 kilicho kikubwa kuliko 6 ni zidifu, kwa sababu nusu, theluthi na sudusi yake zikijumlishwa zinaitimiza namba yenyewe, na bado kigawo 1 hakijahesabiwa. Pili, namba timilifu ni adimu mno. Zinakwenda 6, 28, 496, 8,128, kisha zinaruka hadi 33,550,336. Kwa hiyo namba yenye tarakimu tano, sita au saba haiwezi kuwa timilifu. Ukipata jibu hilo, rudi hatua ya tano.

Mraba na mchemraba. Vipeo vyote vikiwa shufwa ni mraba, vyote vikigawanyika kwa 3 ni mchemraba. Vyetu ni 3, 2, 1, 1, 1. Si hiki wala kile. Ukiulizwa uzidishe kwa nini kidogo iwezekanavyo ili iwe mraba, tazama vipeo vilivyo witiri: 2, 7, 13 na 113. Zao lake ni 20,566, hilo ndilo jibu.

Jumla ya miraba miwili. Kila namba tasa inayobakiza 3 ikigawanywa kwa 4 lazima iwe na kipeo shufwa. 3 ina kipeo cha 2, imepita. 7 nayo inabakiza 3, na kipeo chake ni 1. Imekwama. Hakuna namba mbili nzima ambazo miraba yake ikijumlishwa inatoa 740,376, na hakuna haja ya kuzitafuta.

Kugawanyika kwa jumla ya tarakimu zake. Jumla ni 27, na tulishaona inabaki 9. Haimo kwenye kundi hili.

Katika kizio cha pili. Gawa kwa 2 mfululizo, andika baki, kisha soma mabaki kutoka chini kwenda juu. Utapata 1011 0100 1100 0001 1000, tarakimu 20 zenye moja nane. Zinaishia na sufuri tatu haswa, kwa sababu kipeo cha 2 ni 3. Idadi ya sufuri za mwisho isipolingana na kipeo cha 2, umesoma kutoka juu kwenda chini, au umekosea hatua ya tatu.

## Jaribu hizi, majibu yapo

1,860,000. Reli ya TAZARA, inayotoka Dar es Salaam, ikapita Makambako na Mbeya hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ina kilomita 1,860. Hizo ni mita zake. Vigawo tasa ni 2⁵ × 3 × 5⁴ × 31. Idadi ya vigawo ni 6 × 2 × 5 × 2 = 120. Jumla yote ni 63 × 4 × 781 × 32 = 6,297,984, ukitoa namba inabaki 4,437,984. Ni zidifu. Ukipata 5³ badala ya 5⁴, umezivunja sufuri tatu ukaisahau 1,860 yenyewe, ambayo nayo ina 5.

360,360. Ni 2³ × 3² × 5 × 7 × 11 × 13, yenye vigawo 192. Inagawanyika kwa kila namba kuanzia 1 hadi 15, na ndiyo ndogo kuliko zote zenye sifa hiyo, yaani KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya namba hizo kumi na tano.

30,031. Hii ni 2 × 3 × 5 × 7 × 11 × 13, ukaongeza 1. Kwa hiyo haigawanyiki kwa yoyote kati ya hizo sita, na wengi wanaiita tasa papo hapo. Endelea na orodha hadi 59: ni 59 × 509. Ina vigawo vinne tu, na ni pungufu, kwani 1 + 59 + 509 = 569.

999,983. Hapa utaihitaji orodha yako yote, 2 hadi 997. Zote 168 zitakataa. Ndiyo namba tasa kubwa kuliko zote zilizo chini ya milioni moja. Kama mojawapo ilikubali, zidisha kurudi, utakuta kosa liko kwenye kugawa.